Uzito Umekwama, na Bado Unaogopa Kula

Mzani unapogoma, karibu kila mtu hufanya jambo lile lile: anakata chakula tena. Alikuwa amepungua kilo nane, kumi, hata kumi na tano, majirani wakamsifu, nguo za zamani zikamkaa, kisha namba ikasimama. Wiki ya kwanza akavumilia. Wiki ya tatu akaacha wali. Wiki ya tano akaacha chakula cha usiku kabisa, na namba bado haijasogea. Anapofika kwenye meza yangu amechoka, ana njaa, na amekwisha kujihukumu kuwa ni mzembe. Nikimwambia kwamba safari hii tutaongeza chakula, anashtuka. "Daktari, mimi hata nikinusa chapati nanenepa. Unataka nirudi kule nilikotoka?"

Sipendi hofu hiyo ichekwe. Mtu ambaye kila kilo aliipoteza kwa kujinyima ana haki ya kuamini kwamba akiacha kujinyima siku moja, zote zitarudi. Juu ya hapo kuna midomo ya watu. Kwetu mtu akinenepa anaambiwa mbele ya wote, "Naona umenawiri," na msemaji anadhani ametoa sifa. Akikonda anaulizwa anaumwa nini, kwa maana wazee bado wanakumbuka miaka ambayo kukonda kulimaanisha ugonjwa usiotajwa kwa jina. Aliyepita katikati ya maneno hayo kwa muda mrefu hawezi kupanda mzani kwa moyo mtulivu.

Lakini hofu hiyo lazima ijibiwe, kwa sababu kwa wengi ninaowahudumia ndiyo inayoushikilia uzito pale ulipo. Watu hawa wanakula kidogo mno siku wanazojisimamia, na wanakula bila mpango siku zilizobaki. Wakila bila mpango wanaogopa, wakiogopa wanajibana, wakijibana njaa inawavunja. Kuongeza chakula, kwa hesabu na kwa uwazi, ndiko kunakoukata mzunguko huo.

Tuanze na mwili wenyewe, maana kukwama ni jambo la kawaida kabisa. Chukua mama wa miaka 38, urefu sentimita 160, aliyeanza na kilo 92 na sasa ana kilo 78. Kwa kanuni ya Mifflin na St Jeor, iliyotolewa mwaka 1990 na inayotumiwa sana na wataalamu wa lishe, mwili wake wa awali ulihitaji takriban kalori 1,570 kwa siku ili kuendesha moyo, mapafu, ubongo na joto lake, hata kama angelala kitandani kutwa nzima. Leo unahitaji 1,430. Ukiongeza shughuli za mtu asiyefanya kazi nzito, mahitaji yake ya siku yameshuka kutoka kama 2,200 hadi 2,000. Hajaharibu chochote. Mwili mdogo una matumizi madogo, kwa hiyo mlo uliompunguza haraka mwanzoni hauwezi kumpunguza kwa kasi ile ile sasa.

Kisha mwili hubana matumizi zaidi ya hapo. Mtu mwenye njaa ya muda mrefu hukaa zaidi ya alivyozoea. Anatuma mtoto dukani badala ya kwenda mwenyewe, anaegemea anaposubiri basi, anafua kesho. Hakupanga, mwili ndio uliompangia. Wakati huo huo hamu ya kula inapanda. Kevin Hall na wenzake wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani walikadiria mwaka 2016 kwamba kwa kila kilo inayopotea, matumizi ya nishati hushuka kalori 20 hadi 30 kwa siku, ilhali hamu ya kula huongezeka kwa kama kalori 100. Njaa inakuvuta kwa nguvu kubwa kuliko upungufu wa matumizi. Miaka mitano kabla yake, watafiti wa Melbourne, Australia, waliwafuatilia watu 50 waliokuwa wamekula mlo mdogo sana kwa wiki kumi. Mwaka mmoja baadaye homoni zao za njaa na shibe zilikuwa bado hazijarudi zilivyokuwa, na wenyewe walisema njaa yao ni kali kuliko kabla ya kuanza. Mtu wa namna hii ukimwambia ajikaze tu, hujamsaidia.

Wengine, kwa kuogopa chakula, hukimbilia mazoezi. Wanaamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia, jioni wanarudi tena uwanjani. Mazoezi yana faida nyingi kwa moyo, sukari na usingizi, nami nayahimiza kila siku. Kama ufunguo wa kukwama, hata hivyo, ni dhaifu, na mojawapo ya ushahidi ulio bora duniani umetoka hapa Tanzania. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, watu ambao wanaume wao hutembea kilomita kama kumi na moja kwa siku wakiwinda na kufuata asali, na wanawake wao huchimba mizizi kwenye ardhi ngumu. Ukilinganisha kwa ukubwa wa mwili, nishati waliyotumia kwa siku nzima haikutofautiana na ya watu wa Ulaya na Marekani wanaofanya kazi kwenye viti. Inaonekana mwili unapotumia zaidi upande mmoja, huokoa upande mwingine. Kwa hiyo anayejibana chakula halafu akaongeza mbio juu yake, mara nyingi anajiongezea uchovu na njaa kuliko anavyoongeza upungufu wa kalori.

Kuhusu mahali njaa ya muda mrefu inapompeleka mtu, hakuna kumbukumbu inayofikia jaribio la Ancel Keys katika Chuo Kikuu cha Minnesota, lililoanza mwishoni mwa 1944. Vijana 36 wa kiume, waliokataa kubeba silaha kwa imani yao, walijitolea kula kidogo ili madaktari wajifunze namna ya kuwarudishia afya watu wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa vitani. Kwa wiki 24 walipewa wastani wa takriban kalori 1,570 kwa siku, viazi na mkate kwa wingi, huku wakitembea kilomita kama 35 kwa wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mwili wakati wa mapumziko ulitumia nishati pungufu kwa karibu asilimia 40. Walihisi baridi muda wote, miguu ilijaa maji, walikosa hamu ya mapenzi na ya mazungumzo. Waliota chakula, na baadhi yao wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. Wale walikuwa wanaume wembamba wenye afya, nao walianza kuvurugikiwa akili na kiwango cha chakula ambacho leo mwanamke anayejipunguza angekiona ni kingi mno na kukikata hadi 1,200. Anayekuja kwangu akisema siku hizi anawaza chakula tangu asubuhi mpaka usiku, namweleza habari za vijana hao, aone kwamba uchu wake ni dalili ya njaa. Tabia yake haina kosa.

Jaribio hilo hilo linatukataza pia kusema uongo wa upande wa pili. Kuna maneno yamezagaa kwamba mtu akila kidogo mno mwili "huzima", unaanza kuhifadhi mafuta, na kwamba akila zaidi mafuta yatayeyuka yenyewe. Si hivyo. Vijana wa Minnesota hawakunenepa kwa kula kidogo. Walikonda, ingawa kasi ilipungua kadiri walivyoelekea mwisho. Mama wetu wa kilo 78 akila kweli kalori 1,000 kila siku kwa miezi mitatu, atapungua. Kama hapungui, ama maji yanauficha upungufu, ama kuna chakula ambacho hakikuhesabiwa. Nayasema haya waziwazi kwa sababu anayeahidiwa kuyeyuka kwa kula, asipoyeyuka wiki ya kwanza, hurudi kwenye njaa akiwa na hofu maradufu.

Chakula kisichohesabiwa ni jambo la kulizungumza kwa upole. Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwachunguza watu kumi waliosema wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku na hawapungui. Vipimo vilionyesha kwamba watu hao walitaja karibu nusu tu ya walichokula: walisema kama 1,030, ukweli ukawa kama 2,080. Umetaboli wao, yaani namna mwili unavyotumia nishati, haukuwa na kasoro, na hakuna ushahidi kwamba walikusudia kudanganya. Mtu akipika ugali wa familia anaonja mboga mara tatu, anakwangua ukoko wa wali, anamalizia alichoacha mtoto kwa sababu kutupa chakula ni dhambi, anamimina mafuta kwa kukadiria kwa macho. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia ni kalori kama 120. Konzi ya karanga ni 170. Hakuna anayeviandika hivyo, kwa kuwa moyoni mwake hakula, alikuwa jikoni.

Nionyeshe daftari moja, ambalo nimelichanganya na ya wateja wengine kidogo ili asitambulike mtu. Mwenyewe ni mwalimu wa sekondari, umri na vipimo vyake ni vile vya mama niliyemtolea mfano juu. Jumatatu: chai ya rangi bila sukari, yai moja la kuchemsha, mchana mchicha na kipande cha samaki, usiku tango na nusu parachichi. Jumanne hivyo hivyo, ila tango limekuwa karoti. Jumatano pia. Alhamisi mwandiko umeanza kulegea, na pembeni ameandika "nimejitahidi". Ijumaa hakuna kitu. Jumamosi kuna neno moja, "shughuli". Jumapili amepiga mstari kutoka kona hadi kona kama anavyofuta kazi mbovu ya mwanafunzi. Jumatatu inayofuata inaanza upya, kwa kalamu nyekundu, na yai limeondolewa.

Tulikaa tukazijaza zile kurasa tupu pamoja, bila kulaumiana. Ijumaa alirudi kutoka kazini akitetemeka kwa njaa, akala chapati mbili za mtaani akiwa amesimama, kisha chakula cha nyumbani, kisha biskuti za watoto wakiwa wamelala. Jumamosi palikuwa na harusi ya mtoto wa ndugu: pilau, kuku, soda mbili, keki. Jumapili, kwa kuwa "nimekwisha haribu", alikula viporo vya pilau kutwa. Kwa makadirio yetu siku nne za mwanzo zilikuwa kama kalori 1,000 kila moja, na tatu za mwisho kama 3,300. Jumla ya wiki ni 13,900. Gawanya kwa saba, unapata karibu 1,990, yaani mahitaji yake ya siku kama tulivyoyapiga hesabu. Mwalimu huyu alikuwa na njaa ya kweli siku nne kwa wiki, na kwa wiki nzima hakuwa na upungufu wowote. Mzani ulikuwa sahihi.

Sasa tazama kinachotokea akila 1,600 kila siku, Jumamosi ikiwemo. Siku nne anaongeza chakula, tena kwa 600, kiasi cha kumtia hofu kabisa. Wiki nzima inakuwa 11,200, pungufu ya 2,700 kuliko ilivyokuwa. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kalori 7,700, kwa hiyo ndani ya wiki tatu hivi angekuwa amepunguza kilo moja, akiwa anashiba Jumatatu. Nilimwona akiirudia hesabu hiyo mwenyewe kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, kwa kalamu yake nyekundu.

Hata hivyo simwanzishi mtu aliyechoka kwenye 1,600. Aliyejibana miezi mingi namweka kwanza kwenye mahitaji yake kamili, kwa mwalimu huyu ni 2,000, kwa wiki mbili au zaidi. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2017 uliwagawa wanaume 51 wenye unene: kundi moja lilijibana wiki 16 mfululizo, la pili likajibana wiki mbili na kupumzika wiki mbili kwa kula mahitaji yake kamili, mpaka nalo likatimiza wiki 16 za kujibana. Waliopumzika walipungua wastani wa kilo 14, wasiopumzika kilo 9. Nautaja kwa tahadhari. Walikuwa wanaume tu, waliletewa chakula kilichopimwa, na safari ya waliopumzika ilichukua karibu mara mbili ya muda. Utafiti wa baadaye kwa watu waliozoea mazoezi ya uzito haukuona tofauti katika mafuta yaliyopungua. Ninachokichukua kutoka kwa tafiti zote mbili ni hiki: mapumziko yaliyopangwa hayakuwarudisha watu nyuma. Kwa mtu mwenye hofu, hilo pekee linatosha kuanzia.

Wiki ya kwanza ya mapumziko ndiyo ngumu, kwa kuwa mzani utapanda, na nasema hivyo mapema ili usimshtue mtu. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini kama glikojeni, gramu 400 hadi 500 kwa mtu mzima, na kila gramu hushikana na gramu kama tatu za maji. Aliyejibana ghala hilo limepungua. Akirudisha gramu 250 tu, anaongezeka kilo nzima, na hakuna hata gramu moja ya mafuta ndani yake. Ongeza chakula kilichomo tumboni, chumvi ya supu, na kwa wanawake maji ya siku zinazotangulia hedhi, na kilo mbili kwa siku nne si ajabu.

Tuseme hesabu yangu imekosea, na mahitaji yake halisi ni 1,800 badala ya 2,000. Kwa wiki mbili atakuwa amezidisha kalori 2,800. Hayo ni mafuta yenye uzito wa kama gramu 360. Hilo ndilo janga analoliogopa, likiwa limepimwa. Ili apate kilo tano za mafuta ndani ya wiki hizo mbili, angelazimika kula kalori 2,750 zaidi ya mahitaji yake kila siku, juu ya sahani zake za kawaida. Naandika namba hizi mbili kwenye karatasi na kumpa aende nazo nyumbani, kwa sababu hofu huja usiku, mimi sipo.

Chakula cha kuongeza nakianzia asubuhi, na nakianzia na protini. Mtu wa kilo 78 anayetaka kulinda misuli yake nampangia kama gramu 90 kwa siku, na chai ya rangi na kachumbari havitafika huko. Yai moja lina gramu sita, kikombe cha maziwa nane, kikombe cha maharage yaliyopikwa kumi na tano, na dagaa wakavu ni protini ya bei nafuu kuliko karibu kila kitu sokoni. Mayai mawili, kiazi kitamu cha wastani na kikombe cha maziwa ni kalori 400 hivi, na kifungua kinywa hicho ndicho kilichozikomesha chapati za kusimama za Ijumaa jioni. Baada ya hapo narudisha wanga mchana, kiasi cha ngumi moja na nusu ya ugali au wali. Mafuta ya kupikia tunayapima kwa kijiko kwa wiki chache, si kwa adhabu, bali macho yazoee upya. Na nusu saa ya kunyanyua vitu vizito mara mbili au tatu kwa wiki, hata kama ni dumu la maji, hulinda misuli kuliko kukimbia alfajiri na tumbo tupu.

Watu huniuliza kama si bora kuongeza polepole, kalori 100 kila wiki. Kwa mwili sioni faida kubwa. Unaongeza tu miezi ya njaa. Kwa moyo wenye hofu kali, hata hivyo, nakubali, kwa maana hapo hatua ndogo ni tiba ya hofu. Nataka tu mteja ajue anatibu kipi.

Tiba yenyewe ya hofu inafanana na ya hofu nyingine yoyote: mtu hukutana na anachokiogopa, kwa kipimo, mpaka moyo ujifunze. Tunachagua chakula kimoja tu kilichopigwa marufuku. Kwa mwalimu kilikuwa wali wa nazi. Kabla ya kula anaandika utabiri wake: "Nikila sahani hii leo, wiki ijayo nitakuwa nimeongezeka kilo..." na anajaza. Aliandika tatu. Kisha anakula akiwa ameketi mezani na familia, sahani yake mwenyewe, mchana. Asile kwa kuficha, asile akiwa jikoni, asile baada ya kufunga nusu siku ili kuulipia. Kesho yake hapandi mzani. Tunapima siku ile ile ya wiki, saa ile ile, na hatuisomi namba moja peke yake. Tunazisoma nne za mwisho kwa pamoja. Utaratibu huu wa kupima mara moja kwa wiki na kutazama mwelekeo nimeuchukua kutoka kwa tiba ya matatizo ya ulaji iliyojengwa na Christopher Fairburn huko Oxford, na unafaa hata kwa asiye mgonjwa. Wiki iliyofuata mwalimu alikuwa ameongezeka gramu 600, iliyofuata akarudi chini ya alipoanzia. Tukarudia na chapati, nyumbani, moja, pamoja na maharage.

Wakati wa Ramadhani nauona mzunguko huu huu kwa wateja wanaofunga wakaongeza juu yake kuruka daku kwa hofu ya kunenepa. Futari inapofika, hakuna mpango unaosimama. Kwa hao jambo la kwanza ni kurudisha daku, tena yenye maharage au mayai.

Kuna watu ambao makala haya hayawatoshi. Mwanamke aliyekosa hedhi miezi mitatu na si mjamzito, anayezirai, anayejitapisha au kunywa dawa za kuharisha baada ya kula, au anayekwepa kila mwaliko ili asionekane akila, aende hospitali na aeleze yote, pamoja na hofu yenyewe. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asiongeze wala kupunguza mlo bila kumhusisha daktari wake, kwa kuwa dozi zimepangwa kwa chakula anachokula sasa. Na anayechoka kupita kiasi, ngozi ikakauka, choo kikawa kigumu, sauti ikawa nzito, apimwe tezi ya shingo kabla ya kulaumu wali.

Wiki mbili za mapumziko zikiisha, mteja huuliza lini tunaanza tena kupunguza. Hapo namrudishia uamuzi. Akitaka kuendelea, tunatoa kalori 300 hadi 400 kutoka kwenye mahitaji yake mapya, kila siku kwa usawa, na tunaweka mapumziko mengine kwenye kalenda kabla hajachoka, hasa kwenye majuma ya harusi na sikukuu. Asipotaka, hana deni. Aliyetoka kilo 92 hadi 78 amepoteza asilimia 15 ya uzito wake, na hata asilimia 5 hadi 10 hutosha kwa wengi kushusha presha na sukari. Mwalimu alichagua kubaki kwenye 2,000 mpaka mitihani ya wanafunzi wake iishe, akipima kiuno mara moja kwa mwezi kwa utepe wa fundi cherehani. Bado yuko hapo, na kiuno kimepungua sentimita mbili.